Uzamili unaochanganya uzalishaji wa dawa za kibayolojia na biashara: nizipimeje programu kabla ya kuomba?

Kimeng'enya:

Wakuu, habari zenu. Nina shahada ya kwanza ya biokemia na nataka kuendelea na uzamili wa uzalishaji wa kibayolojia: insulini, kingamwili, chanjo, tiba za jeni, yaani dawa zinazotengenezwa na seli hai kwa kiwango cha kiwanda. Nalenga kazi za kupanga uzalishaji, kuhamisha mchakato kutoka maabara kwenda kiwandani, au kuamua kama bidhaa ijengewe kiwanda chake au ipelekwe kwa mzalishaji wa kandarasi. Kwa hiyo natafuta programu inayofundisha sayansi hiyo pamoja na biashara.

Shida ni kwamba maelezo ya vyuo yanafanana mno. Kila kimoja kinaahidi uongozi, ubunifu na ushirikiano na viwanda. Nitatofautishaje programu inayounganisha kweli mambo haya mawili na ile iliyobandika kozi mbili za MBA juu ya uzamili wa kawaida? Kuhusu maabara niulize nini? Na hesabu za biashara zinafika wapi, maana uhasibu sijawahi kuusoma?

MpangaBechi:

Mkuu, omba mtaala wa ndani wa kila kozi pamoja na kazi wanazopewa wanafunzi. Orodha ya majina ya kozi haitakusaidia. Ndani ya mtaala huo tafuta zoezi moja ambalo mwanafunzi anaanza na gramu za protini kwa lita ndani ya bioreakta (tangi la kukuzia seli) na kumalizia na gharama ya gramu moja iliyo tayari kujazwa kwenye vichupa. Zoezi hilo lisipokuwepo popote, ujue walimu wa sayansi na wa biashara hawakai meza moja, na kazi ya kuunganisha utaachiwa wewe.

Kwa historia fupi: Marekani shahada za namna hii zilianza kupata sura mwaka 1997 kwa ufadhili wa Sloan Foundation, zikaitwa Professional Science Master's. Badala ya tasnifu ya utafiti, mwanafunzi hufanya mafunzo kazini au mradi wa kampuni halisi. Mwaka huohuo ikaanzishwa Keck Graduate Institute huko Claremont, California, ambako wanafunzi wa Master of Business and Science hufanya mradi wa timu kwa ajili ya kampuni. Rutgers nao wana shahada yenye jina hilohilo. North Carolina State University wana kituo cha BTEC, kilichofunguliwa 2007, ambacho nguvu yake iko kwenye mikono: vifaa vya ukubwa unaokaribia kiwanda na kazi kwa taratibu za GMP, yaani kanuni za uzalishaji bora wa dawa. University College London wana idara nzima ya uhandisi wa biokemia. Usizipange kwa umaarufu. Zipange kwa pengo ulilonalo: mwenye biokemia anakosa uhandisi kuliko anavyokosa mbinu za masoko.

Upande wa maabara usiridhike na maneno "vifaa vya kisasa". Uliza bioreakta kubwa kuliko zote anayoiendesha mwanafunzi ni ya lita ngapi, na kama anaiendesha tangu mwanzo hadi kuvuna. Ukuzaji wa seli za CHO, zile zilizotokana na ovari ya hamsta, kwa njia ya kulisha kidogo kidogo huchukua siku 10 hadi 14. Kipindi cha saa tatu kila wiki hakiwezi kukufikisha siku ya 6, pale unapotazama laktati kama inapanda au imeanza kuliwa na seli zenyewe, na unatakiwa kuamua joto lishushwe kutoka nyuzi 37 hadi 33 leo au kesho. Uamuzi huo ukiwahi sana, unapata seli chache. Ukichelewa, seli zinaanza kufa kabla hazijatoa protini ya kutosha.

Kwenye usafishaji, uliza kama mwanafunzi anafungasha mwenyewe kolamu ya kromatografia (bomba lililojaa resini, yaani chembechembe za kutenganisha protini) na kuipima kabla ya kuitumia. Kipimo chenyewe si kigumu: unasukuma kiasi kidogo cha asetoni au chumvi, unatazama umbo la kilele kinachotoka. Uwiano wa nusu ya nyuma ya kilele kwa nusu ya mbele ukiwa kati ya 0.8 na 1.8, kwa kawaida kolamu inapokelewa. Ukizidi hapo, mara nyingi resini imekaa ovyo au kuna nafasi imebaki juu yake, na protini itatoka imetawanyika badala ya kutoka kwa mkupuo. Uliza pia kama wanapima uzima wa chujio baada ya kuchuja, na kama rekodi ya bechi inajazwa papo hapo kazi inapofanyika. Hayo ndiyo mambo ambayo msimamizi wa kiwanda atakuuliza kwenye usaili.

Jambo la mwisho, nalo linasahaulika sana: mradi wa kampuni una mkataba wa usiri. Kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi kama utaruhusiwa kutoa muhtasari usiotaja molekuli wala namba za siri. Bila ruhusa hiyo unaweza kumaliza mradi mzuri ukakosa hata ukurasa mmoja wa kuonyesha.

KolamuNne:

Naliongezea nyama zoezi alilotaja MpangaBechi ili uone linavyokuwa. Namba za fedha ni za kubuni kwa ajili ya hesabu. Za uhandisi ni za kawaida kwa kingamwili.

Chukua bioreakta ya lita 2,000 inayotoa gramu 5 kwa lita. Hiyo ni kilo 10. Sasa pitisha hatua sita: kuvuna, protini A (kolamu inayonasa kingamwili), kromatografia mbili za kung'arisha, chujio la virusi, kisha ukolezaji. Kila hatua ikibakiza asilimia 95, mwisho unapata kilo 7.35. Kila hatua ikibakiza 92, unapata kilo 6.06. Tofauti ya asilimia 3 kwa hatua imekula karibu kilo 1.3 kwa bechi, na kwa bechi 20 za mwaka ni kama kilo 26. Mtu wa biashara asiyejua kwamba hasara hizi zinazidishana ataona asilimia 92 ni alama nzuri.

Sasa gharama. Tuseme kiwanda kinakula dola milioni 40 kwa mwaka hata kisipozalisha kitu: uchakavu wa majengo, mishahara, maji safi ya sindano, hewa ya vyumba safi, maabara ya ubora. Malighafi ni dola 400,000 kwa bechi. Bechi 20 zinatoa kilo 147 kwa dola milioni 48, sawa na dola 327 kwa gramu. Ukifanya bechi 10 tu, gramu inapanda hadi dola 599, wakati hakuna kilichoharibika maabara.

Ndipo linakuja swali ninalolipenda kuliko yote. Wanasayansi wameboresha seli, sasa zinatoa gramu 10 kwa lita, na malighafi imepanda hadi dola 600,000 kwa bechi. Umeokoa kiasi gani? Wengi hujibu nusu. Lakini kama soko linahitaji kilo 147 zilezile, utafanya bechi 10: milioni 40 za kudumu na milioni 6 za malighafi, jumla milioni 46, yaani dola 313 kwa gramu. Umezidisha uzalishaji wa seli mara mbili, ukaokoa kama asilimia 4. Faida kubwa inapatikana ikiwa kuna bidhaa nyingine ya kujaza nafasi iliyobaki wazi, au kama uboreshaji ulijulikana mapema kiasi cha kujenga kiwanda kidogo zaidi. Programu ikikupa swali hili na kukulazimisha ujibu pande zote mbili, hiyo inastahili ada yake.

Na bado kolamu haijasema neno lake. Kolamu ya protini A yenye kipenyo cha sentimita 60 na kimo cha resini cha sentimita 20 ina ujazo wa lita 56.5. Ukiipakia gramu 35 kwa lita, mzunguko mmoja unabeba karibu kilo 2. Kwa gramu 5 kwa lita, baada ya kuvuna unaleta kilo 9.5, mizunguko mitano inatosha. Uzalishaji ukipanda kidogo tu hadi gramu 5.3, mizunguko inakuwa sita. Kwa gramu 10 ni mizunguko kumi, na kila mmoja ukichukua saa tano ni saa 50 badala ya 25.

Wakati huo kimiminika kilichovunwa kinasubiri kwenye tangi, na kusubiri kuna hatari yake. Seli zilizopasuka wakati wa kuvuna huachia vimeng'enya vinavyokata viungo vya salfa vinavyoshikilia minyororo ya kingamwili. Oksijeni ikiisha ndani ya tangi, kingamwili inaachana vipande, na kipimo cha usafi kinaporomoka bila mtu kuelewa sababu. Dawa yake ni kupoza tangi hadi nyuzi 2 hadi 8, kulipitishia hewa, na kupunguza kupasua seli kwenye mashine ya kuzungusha. Kwa hiyo ripoti inayosema "tumeongeza gramu kwa lita" bila kutaja saa za kolamu na muda wa kusubiri haijakamilika.

Uhasibu unaohitaji ni huu: gharama za kudumu na zinazobadilika, uchakavu, na thamani ya sasa ya fedha za baadaye. Dola milioni 100 zitakazokuja baada ya miaka 5, kwa punguzo la asilimia 10 kwa mwaka, leo zina thamani ya milioni 62.1. Zikichelewa mwaka mmoja zinabaki 56.4. Hiyo ndiyo bei ya uhamishaji wa mchakato unaokwama mwaka mzima, na ndiyo sababu mkurugenzi anakasirika kwa jambo ambalo maabara inaliona dogo.

Kimeng'enya:

Nashukuru sana wakuu, hesabu ya asilimia 4 imenifungua macho. Nina maswali mawili zaidi. Kozi za sheria na ubora zina uzito gani hasa kwa mtu wa mipango? Na kuna swali gani la kiufundi naweza kumuuliza mwalimu kwenye kikao cha waombaji, nikajua kama ameshawahi kugusa mchakato mkubwa?

Ukaguzi:

Kozi ya ubora ndiyo inayokuambia kipi unaruhusiwa kubadilisha, lini, na kwa ushahidi gani. Bila kuijua, mpango wako wa biashara unakuwa na tarehe ambazo haziwezekani.

Mfano ni mwongozo wa Q5E wa ICH, baraza la kimataifa la kuoanisha kanuni za dawa. Ukibadilisha mchakato, unatakiwa kuonyesha kwamba bidhaa ya baada inalingana na ya kabla kwa ubora, usalama na ufanisi. Badiliko likifanyika kabla ya majaribio makubwa ya tiba, mara nyingi vipimo vya maabara vinatosha. Likifanyika baada yake, unaweza kudaiwa hata data mpya za wagonjwa. Hivyo zile gramu 10 kwa lita za KolamuNne zikipatikana baada ya majaribio makubwa kumalizika, gharama ya kuzithibitisha inaweza kumeza akiba yote. Hakikisha mtaala unagusa Q5A ya usalama dhidi ya virusi, Q8 hadi Q12, mwongozo wa FDA (mamlaka ya dawa ya Marekani) wa 2011 kuhusu uthibitishaji wa mchakato kwa awamu tatu, na Kiambatisho cha 1 cha GMP ya Ulaya kilichofanyiwa marekebisho 2022.

Kisa kinachofaa kusomwa darasani ni cha Genzyme. Mwaka 2009 bioreakta moja ya kiwanda chao cha Allston, Boston, ilikutwa na Vesivirus 2117. Virusi hivi havijulikani kuwadhuru binadamu, ila huzuia seli za CHO kukua. Uzalishaji ulisimamishwa ili kiwanda kisafishwe, na Cerezyme ya ugonjwa wa Gaucher pamoja na Fabrazyme ya ugonjwa wa Fabry zikaadimika, wagonjwa wakapunguziwa dozi. Mwaka 2010 kampuni ilikubaliana na mamlaka za Marekani kulipa dola milioni 175 na kuendesha kiwanda chini ya uangalizi wa nje. Februari mwaka huohuo Shire wakapata idhini ya VPRIV, dawa nyingine ya Gaucher. Mwaka 2011 Sanofi wakainunua Genzyme.

Mwalimu mzuri ataligawa darasa kwa maswali: akiba ya dawa ya miezi mingapi ingetosha, na kuihifadhi kungegharimu kiasi gani? Kiwanda cha pili kilichoidhinishwa tayari kingefaa lini? Kupasha midia ya lishe joto kali kwa sekunde chache kabla haijaingia kwenye bioreakta, au kuipitisha kwenye chujio la virusi, kunaongeza gharama gani kwa bechi ukilinganisha na miezi ya kusimama? Maswali hayo huwezi kuyajibu kwa sayansi peke yake wala kwa fedha peke yake.

Angalia pia kama wanafundisha kuandika ripoti ya mkengeuko, yaani ya jambo lililotoka nje ya utaratibu. Chukua chujio la hewa inayotoka kwenye bioreakta. Povu likipanda likalilowesha, hewa haipiti, shinikizo ndani ya mfuko wa plastiki unaoshika seli linapanda, mfumo unapunguza hewa inayoingia, oksijeni inashuka. Mwanafunzi aliyefundishwa vibaya ataandika "oksijeni ilishuka, ikarekebishwa". Ripoti inayofaa inaeleza ilianza saa ngapi, ilishuka hadi asilimia ngapi na kwa muda gani, nani aliona, chanzo kilithibitishwaje, bechi nyingine zipi zimetumia chujio la kundi hilo, na kwa nini bidhaa inaweza au haiwezi kuendelea. Bechi inayosubiri ripoti kama hiyo ni fedha iliyolala kwenye jokofu, na mpangaji ndiye atakayeulizwa itatoka lini.

SeliHai:

Swali la kumuuliza mwalimu, mkuu: muulize kwa nini mchakato unaokwenda vizuri kwenye lita 2 unaweza kuharibika kwenye lita 2,000 hata kama nguvu ya kuchanganya kwa kila lita imebaki ileile.

Anayejua atakupa namba. Vipimo vya tangi vinapoongezeka mara 10 na nguvu kwa ujazo ikabaki sawa, mzunguko wa kichanganyio unashuka hadi karibu moja ya tano, kasi ya ncha zake inapanda kama mara 2.15, na muda wa kuchanganyika unarefuka kama mara 4.6. Kwa hiyo tone la besi linaloingizwa kurekebisha pH linakaa juu likichoma seli kabla halijasambaa.

Akiwa ameshaendesha tangi kubwa, hatachelewa kufika kwenye kaboni dayoksaidi. Tangi dogo lina uso mkubwa ukilinganisha na ujazo wake, gesi inatoka yenyewe. Kwenye tangi kubwa inajikusanya. pH inashuka, kompyuta inaongeza besi, chumvi inazidi kwenye midia, seli zinadumaa. Watu wengi hukimbilia viputo vidogo zaidi kwa sababu vinaingiza oksijeni vizuri, na hapo tatizo linakua: kiputo kidogo hujaa kaboni dayoksaidi mapema na hakibebi zaidi. Unahitaji viputo vikubwa zaidi na mtiririko mwingi wa hewa ili kuifagia nje, huku ukiangalia povu. Ukisikia jibu linaloishia kwenye "kuongeza kasi ya kichanganyio", uliza nani mwingine anafundisha kozi hiyo.

Natofautiana kidogo na wenzangu kwa upande mmoja. Ukiwa na nia ya uzamivu na utafiti wa seli zenyewe, chukua uzamili wenye tasnifu. Mradi wa timu hauonyeshi kirahisi kwamba uliibua swali la utafiti mwenyewe, na kamati za uzamivu hulitafuta hilo. MBA ya kawaida nayo ina nafasi yake, ila inamfaa zaidi mtu ambaye ameshakaa kiwandani miaka kadhaa na anazo namba za mchakato kichwani. Kwa kazi ulizotaja, hizi programu za mchanganyiko zinakufaa.

MpangaBechi:

Nakubaliana na SeliHai kuhusu tasnifu. Kwa maandalizi, Kimeng'enya, biokemia yako itakubeba kwenye seli na protini, lakini utaumia kwenye mizania ya masi na uhamishaji wa joto kama hujavigusa. Anza na mizania: kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki, kwa glukosi, oksijeni na laktati. Fuatisha takwimu, hasa upangaji wa majaribio yanayobadilisha vigezo vingi kwa wakati mmoja, kwa sababu kubadilisha pH peke yake, kisha joto peke yake, hakutakuonyesha pale vinapoathiriana.

Halafu lijenge zoezi la KolamuNne kwenye jedwali la kompyuta, kila namba kwenye kisanduku chake: ujazo, gramu kwa lita, mavuno ya kila hatua, ujazo wa kolamu, saa za mzunguko, gharama za kudumu, idadi ya bechi. Ongeza kisanduku cha bechi zinazoharibika na uone asilimia 5 inafanya nini kwa gharama ya gramu. Kwenye barua ya maombi eleza jedwali hilo kwa aya moja: ulibadilisha nini, gharama ikaenda wapi, na kwa nini. Pia litaje kwenye kikao cha waombaji. Mwalimu wa biashara akianza kukuuliza kuhusu saa za kolamu, na wa uhandisi akakuuliza soko linahitaji kilo ngapi, weka programu hiyo juu kwenye orodha yako.